Bonasi ya Kusema Hatukutazama

S.L.P. 41,
Slavin, Nebraska.
Jumapili, 12 Oktoba 2008.

Mdogo wangu mpendwa Arlys,

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya wafanyakazi wote wa mapokezi wa kliniki ya macho ya Daktari Milo Benda, yaani mimi peke yangu, ninayo furaha kubwa kukutangazia kwamba mji wa Slavin umepata mashine mpya ya kahawa. Ni nyeusi, ina taa ya kijani, na ikimaliza kuchemsha inalia kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Aliyetununulia ni Serikali Kuu ya Marekani, ingawa yenyewe haina habari. Naomba usimame kidogo kwa heshima, halafu ukae uendelee kusoma.

Baada ya tangazo hilo, salamu. Hujambo wewe? Shemeji Gordon hajambo, na goti lake limekubali baridi ya Spokane au bado linagoma? Basi lako la shule liliamka vizuri baada ya likizo? Sisi huku wazima. Wifi yako Joleen anakusalimu sana na anauliza kama jamu ya plamu ilifika bila kupasuka. Mahindi yamechelewa mwaka huu kwa ajili ya mvua, kwa hiyo kila mwanamume mwenye kombaini anatembea mjini akitazama mbingu kama anayeidai. Jana ilikuwa Jumamosi ya mechi, tukavaa nyekundu wote hadi mbwa wa padri, na matokeo unayajua, tusiyaongelee.

Najua unajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Ni kwa sababu kwenye simu nikitaja tu macho yako, wewe huwa unasikia mtu anagonga mlango. Barua haina mlango. Kwa hiyo nakwambia mapema, usije ukasema nimekuvizia: mwisho wa barua hii nitakuomba uende kwa daktari ukawekewe matone na kutazamwa nyuma ya macho yako. Na jibu lako ninalo tayari. Kwamba unasoma ubao wa herufi kila mwaka wanapokupima udereva. Kwamba unafaulu. Kwamba mtu akienda kuutafuta ugonjwa atauona, na wewe ukiambiwa una kitu machoni, basi la shule watakunyang'anya, na bila basi utabaki nyumbani kumsikiliza Gordon akilisimulia goti. Nimekusikia, mama. Sasa na mimi unisikilize, maana yaliyotokea hapa tangu kiangazi ni makubwa na nimechoka kumsimulia Joleen, ambaye alikuwepo.

Unakumbuka mkahawa wa Bi Delphine pale kona ulifungwa. Tangu siku hiyo wazee wa mji walikuwa kama kuku walioezuliwa banda. Kliniki yetu ina viti, ina joto, ina magazeti ya mwaka juzi, na ina mimi. Wakahamia. Kila asubuhi kabla sijamaliza kuwasha taa, pikapu zao zimeshapangwa nje, nao wamekaa sebuleni kwetu na vikombe mkononi, wakila kolache, vile vimkate vya jamu, alizooka Joleen na kujadili bei ya soya. Mgonjwa wa kweli akija, inabidi mmoja ainuke ampishe. Kiongozi wao ni Eldon Pokorny, yule wa nguruwe. Sasa anakaribia miaka themanini, ana kisukari, na ana ulimi wa kukata bati. Karibu wote pale wana kisukari. Wanakunywa kahawa kwa daktari wa macho kila siku ya Mungu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumruhusu daktari huyo amwekee matone. Miwani watanunua, kusoma herufi watasoma, lakini ukishika kichupa cha dawa ya kupanua mboni, kila mmoja anakumbuka ng'ombe wake. Wanasema ukishawekewa matone mwanga unakuchoma, huwezi kuendesha gari kurudi shambani, na unavalishwa yale makaratasi meusi ya kuzuia jua yanayokufanya ufanane na mende.

Sasa sikiliza habari ya bonasi. Mwaka jana Medicare, ile bima ya serikali ya wazee, ilileta mpango. Daktari atakayekubali kuwaambia, kila anapomhudumia mzee mwenye maradhi fulani, kama alifanya lile linalotakiwa au hakulifanya, atapata nyongeza kidogo juu ya malipo yake ya kawaida. Kwetu sisi lililotakiwa ni hili: mzee ana kisukari, je, ulimpanua mboni ukatazama nyuma ya jicho? Unajaza namba moja ukiwa ulitazama, namba nyingine ukiwa hukutazama, unaituma pamoja na madai ya malipo. Basi. Mimi ndiye nijazaye madai, kwa hiyo nililipokea jambo hili kama mtoto aliyepewa filimbi. Nilimwambia Daktari kwamba bonasi ni ya kutoa taarifa tu. Hawaulizi kama ulifanya vizuri. Hata ukisema hukutazama, mradi umesema, unahesabiwa. Daktari alikuwa anasafisha lenzi, akaitikia mh, nikaichukua mh hiyo kuwa baraka.

Nikajaza. Eldon alipokuja kubadilisha miwani: hatukutazama. Ndugu yake Clarence: hatukutazama. Mjane wa Rudolf: hatukutazama. Nilikuwa mkweli kuliko nabii. Na mwezi wa Julai mwaka huu, Arlys, hundi ikaja. Haikuwa kubwa, usianze kunikopa. Isingetosha hata mguu mmoja wa kiti cha wagonjwa. Lakini ilitoka Washington, na mimi nikaikimbiza chumbani kwa Daktari nikiipunga hewani, nikamwambia tumepata tuzo.

Aliisoma. Akaniuliza, kwa ile sauti yake ya chini, tuzo ya nini hasa. Nikamweleza tena, safari hii akiwa hasafishi kitu. Akavua miwani. "Kwa hiyo, Verlyn," akasema, "mimi nimesoma shule yote ile, nimekaa mji huu mpaka nywele zimeisha, ili niiandikie serikali kwamba Eldon Pokorny anakunywa kahawa hatua chache kutoka kwenye kiti changu na sijawahi kumtazama nyuma ya jicho?" Nikamwambia lakini wamelipa, Daktari. Akasema hilo ndilo linalomuudhi. Laiti wangemtoza faini angelala.

Mimi hundi ile nilikwishaipigia hesabu, nikanunua mashine ya kahawa kabla Daktari hajapoa hasira. Unanijua. Wazee waliipokea kwa makofi. Daktari alikataa kuionja. Akawa anakuja na chai yake ya nyumbani kwenye chupa, anapita katikati ya wazee bila kugeuka, na kila akipita Eldon anasema, "Habari za asubuhi, Daktari, naona leo pia hukututazama." Maana mimi kwa mdomo wangu huu mpana nilikuwa nimeshawasimulia.

Jumatatu iliyofuata Daktari akatoa amri: hataki kuandika tena hatukutazama. Si kwamba nidanganye. Atatazama, na kazi ya kuwafikisha wazee kwenye kiti ni yangu. Nikamwuliza nitawafikishaje. Akasema wewe ndiye uliyeshinda tuzo.

Nilianza na bango. Nilichora jicho kubwa la rangi, nikaandika chini yake Matone Hayaumi, nikalibandika juu ya mashine ya kahawa. Clarence akalitazama akauliza yai hilo linauzwa na mkate au bila mkate. Wiki nzima nikawa naagizwa mayai. Nikalitoa. Halafu nikajaribu vitisho: mwenye kisukari asiyewekewa matone, kolache hapati. Hapo ndipo nilipoona mapinduzi kwa macho yangu. Siku ya pili walikuja na kolache zao za dukani, zile ngumu, wakazila mbele yangu taratibu huku wakinitazama, na Joleen aliposikia kwamba nimewalazimisha watu kula vitu vya dukani chini ya paa ninalofanyia kazi, nilikula chakula baridi siku mbili. Nikajaribu upole. Nikamwambia Eldon kwamba kisukari kinaweza kuvujisha damu nyuma ya jicho na mtu asijue. Akasema hata mke wake amemvujisha damu miaka hamsini na hakuna daktari aliyejali.

Basi asubuhi moja mapema Septemba, nikiwa katika kuhubiri kwangu, Eldon akaweka kikombe chini. Akasema, "Wee Verlyn, hebu ngoja. Wewe mwenyewe umewekewa lini?"

Arlys, sebule nzima ilinigeukia. Nikasema mimi nafanya kazi hapa. Akasema hajaniuliza ninafanya kazi wapi, ananiuliza nimewekewa lini matone. Nikawaza, nikawaza, na ukweli ni kwamba sijawahi. Nikitaka miwani mipya hukaa kwenye kiti saa ya chakula, Daktari anawasha ubao wa herufi, na mimi namsomea mpaka mstari wa mwisho huku natafuna mkate wa kabichi na nyama. Ubao ule naupangusa vumbi kila Ijumaa tangu Reagan. Naujua kama Baba Yetu. Ungezimwa taa ningeusoma.

Nilipokiri hivyo, Clarence alicheka mpaka akalazimika kutoka nje. Eldon hakucheka. Akasema, "Mpishi hali chakula chake, halafu anatukaripia sisi hatuna njaa. Anza wewe, bwana. Leo. Hapa hapa. Ukitoka salama, mimi wa pili." Akawageukia wengine awaulize kama wamesikia. Wakasema wamesikia, na baada yake watafuata kwa zamu, kwa umri. Waliona wameshinda. Hawakudhani nina ujasiri huo, na kusema kweli hata mimi sikudhani.

Daktari aliniwekea matone sebuleni, mbele ya kadamnasi, nimekaa kwenye kiti cha Bi Delphine tulichorithi. Sikulia. Ilichoma kidogo kama maji ya bwawa la kuogelea, ikaisha. Tukasubiri mboni zifunguke. Wakanipa gazeti niwasomee bei ya mahindi, nikalisogeza mbali, nikalisogeza mbali zaidi, mkono ukaisha na bado sioni, wakapendekeza nilibandike ukutani kwa padri nisomee kutoka hapa. Nikavalishwa yale makaratasi meusi. Eldon akasema sasa angalau nimependeza.

Halafu Daktari akaniingiza chumbani, mlango ukaachwa wazi ili kila mtu ashuhudie. Eldon akasimama mlangoni akitangaza kama mtu wa redio siku ya mechi: "Daktari anasogea na taa. Verlyn anapepesa. Bado anapepesa. Mabibi na mabwana, huyu ni mtu wa miaka hamsini na sita." Daktari akatazama jicho la kulia, akatazama la kushoto, akarudi la kulia. Akamwomba Eldon akaangalie kama kahawa iko tayari, akafunga mlango. Tulikaa humo kidogo. Nilipotoka niliinua mikono kama bingwa wa ndondi nikawaambia Daktari kasema nina macho ya kijana.

Walipiga kelele ukadhani tumefunga goli la Jumamosi. Eldon akamaliza kahawa yake, akavua kofia, akampa Clarence amshikie kama mtu anayekwenda vitani. "Kama Verlyn amepona," akasema, "mimi nani niogope?" Akaingia. Baada yake Clarence, baada ya Clarence mjane wa Rudolf, ambaye alikuwa amekuja tu kurudisha sahani. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kuendesha gari, ilibidi nimpigie Joleen simu, naye akapiga kwa wake na mabinti, na mchana ule magari yakajaa mtaani kwetu kama siku ya mnada, kila mwanamke akiulizia wa kwake yupi kati ya wale mende sebuleni. Kabla mahindi hayajaanza kukauka tulikuwa tumewamaliza wanywa kahawa wote na tumeanza waumini wa kanisani. Namba nilizokuwa najaza zikawa nyingine: tulitazama, tulitazama, tulitazama. Nilikuwa najaza huku naimba.

Na Eldon, Arlys. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeanza kuvuja nyuma, na yeye hana habari, anasoma gazeti, ananitukana kama kawaida. Daktari alimpigia daktari wake wa kisukari simu akiwa bado kwenye kiti, na wiki ile ile akapelekwa Omaha akachomwa kwa mwanga wa leza. Wamesema amewahi. Miezi michache zaidi, wamesema, na wangekuwa wanazungumza lugha nyingine. Aliporudi alikaa kwenye kiti chake sebuleni, hakusema asante, unamjua. Alimwuliza Daktari kama hilo nalo limepelekwa Washington. Daktari akasema limepelekwa. Halafu, mbele yetu wote, akachukua kikombe, akajimiminia kahawa kutoka kwenye mashine, akanywa amesimama. Nilitamani ungekuwepo.

Hayo ndiyo niliyokusimulia kwenye simu mwezi uliopita, mafupi kidogo, na ukacheka hasa pale kwenye macho ya kijana. Sasa nakusimulia yaliyotokea mlango ulipofungwa.

Daktari hakusema nina macho ya kijana. Aliweka taa chini akaniuliza tangu lini nimekuwa nikiigonga rafu ya fremu kwa bega la kushoto. Nikamwambia rafu ile imewekwa vibaya. Akasema rafu ile iko pale tangu kabla sijaoa. Kisha akanieleza, polepole, kama anavyowaeleza wengine siku zote na mimi nasikia kupitia ukuta nikidhani hayanihusu. Nina glakoma, ile presha ya macho. Mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo umeshaanza kuliwa, wa kushoto zaidi. Ugonjwa huu hauanzii katikati unakosomea herufi, unaanzia pembeni, taratibu, na ubongo wako unapaka rangi pale palipokufa ili usione tundu. Ndiyo maana ubao wa herufi haukusema kitu, na usingesema hata kama nisingekuwa naujua kwa moyo. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa, kwa tone moja kila usiku na kupimwa kila baada ya miezi kadhaa.

Akaniuliza kama kuna mtu katika ukoo wetu aliyekuwa nao. Nikasema hakuna. Akaniuliza tena, kuna mzee yeyote aliyepoteza kuona. Nikasema hakuna, wazee wetu wote waliendesha gari mpaka kaburini. Na ili kumchekesha, maana chumba kilikuwa kizito, nikamtajia Mjomba Ladik, anavyosifika kwa adabu barabarani. Kwamba sisi wote huku huinua kidole juu ya usukani kumsalimu anayepishana nasi, lakini Mjomba aliinua kwa kila kitu: kwa sanduku la barua, kwa trekta iliyoegeshwa, na mara moja kwa ng'ombe wa kina Pokorny aliyetoka zizini. Kwamba padri aliitaja adabu hiyo kwenye mazishi, na wewe ukalia.

Daktari hakucheka. Akaniuliza, "Alikuwa anawasalimu kwa sababu anawaona, au kwa sababu hawaoni?"

Tulimpenda mtu yule miaka yote, kaunti nzima ilimpenda, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza hivyo.

Ndipo akanipa lile lililonifanya ninunue karatasi hizi. Akasema ugonjwa huu hutembea katika damu, na wa kwanza kuambiwa ni ndugu wa tumbo moja. Mimi ndugu wa tumbo moja ninaye mmoja.

Kwa nini nilitoka nikawaambia wazee uongo, nadhani unaelewa. Niliziona zile nyuso. Ningesema kweli, pikapu zingewaka zote kwa pamoja na Eldon angekwenda kupofukia shambani kwake. Alipojua baadaye aliniita mwongo mkubwa kuliko wote Slavin, halafu akanijazia kikombe, jambo ambalo hajamfanyia mtu. Lakini wewe sikuwa na sababu ya kukudanganya. Wewe niliogopa tu. Niliogopa ungekata simu, na niliogopa zaidi kusikia sauti yangu ikikwambia. Nimekaa nalo wiki tano, na wiki tano ni nyingi kwa mtu mwenye mdomo kama wangu. Na uelewe kwamba katika hesabu za Medicare mimi simo. Umri wao sijaufikia. Hakuna aliyepata senti kwa kunitazama mimi. Nilitazamwa kwa sababu Daktari aliona aibu na Eldon ana kisirani.

Sasa nisikilize, Arlys. Siku ya Pasaka ulinilalamikia kwamba watu wa Spokane wanatembea kama paka, hawana kishindo, wanakuibukia ubavuni dukani mpaka unashtuka. Nikacheka. Nikakwambia rudi nyumbani, huku watu wana mabuti. Sicheki tena. Sisemi kwamba unao. Sijui. Wala wewe hujui, na ubao wao wa herufi haujui. Lakini wale watoto wako wanashuka kwenye basi na kukatiza kutoka ubavuni, na wewe unawapenda kuliko unavyolipenda basi lenyewe. Daktari anasema wengi wanaowahiwa mapema wanaendelea na kazi zao zote. Mimi nimeendelea. Juzi tu nimejaza madai siku nzima, na rafu ya fremu tumeisogeza.

Nimefanya jambo utakalolichukia. Nimepiga simu kliniki moja ya huko kwenu, nikaongea na dada wa mapokezi kama watu wa kazi moja, nikamweleza kwamba dada yangu ni mbishi na atasema hataki matone. Akasema wote husema hivyo. Amekuandikia Alhamisi ya tarehe 23, siku ambayo walimu wana mkutano na mabasi hayatoki. Ndiyo, najua ratiba yako. Shemeji Gordon alinipa. Yeye ndiye atakayekuendesha kwenda na kurudi, na funguo za gari siku hiyo hazitakuwa mahali pake pa kawaida, usizitafute. Nilipomwambia, alisema amekibadilisha kioo cha pembeni cha gari lako mara mbili mwaka huu na alikuwa hajui amwambie nani.

Nisalimie majirani wako wanaotembea kama paka. Joleen anasema jamu ikiisha useme. Daktari Benda anakusalimu na anaomba majibu yako, si kwa ajili ya Washington. Usinipigie kunigombeza kabla hujatoka kwa daktari. Na ukitoka, mboni zitakuwa zimefunguka na namba za simu hutaziona, kwa hiyo mpe Gordon abonyeze, halafu unigombeze vizuri, kwa raha zako. Nitakuwa nimekaa karibu na simu.

Ni mimi kaka yako akupendaye,

Verlyn Sedlak